Jina la Ziwani Halifutwi

Hapana, mjukuu wangu, jina la timu halibadilishwi, hata kama wenzako huko Dodoma wanakucheka. Marahaba. Bibi yako mzima, kahawa imechanua, ila nyie vijana mnanichosha.

Eti kwa nini timu ya milimani iitwe Ziwani? Enzi za ujamaa uwanja wetu hapa Matiri ulikuwa mteremko mtupu, tukazoea kupiga kwa nguvu zote ili mpira upande. Siku tuliyoshuka Ngumbo kucheza ufukweni, kwenye tambarare, shuti la kwanza la mdogo wangu Longino likatua ziwani. Mpira ulikuwa huo huo mmoja, na kwetu nani anajua kuogelea? Wenyeji wenye mitumbwi wakabaki kucheka.

"Shemeji, mnaupeleka Malawi?"

Tangu hapo kila tulipokwenda tuliitwa Ziwani. Longino, kwa aibu, akagoma kabisa kucheza. Ndipo tukaliandika wenyewe kwenye fulana, Ziwani, herufi kubwa. Utani ukapoteza makali, Longino akarudi uwanjani.

Sasa tupatane. Njoo likizo, ukae golini mechi moja. Usipofungwa, jina nalifuta mwenyewe. Ukifungwa, jezi ya Ziwani unaivaa mpaka ofisini.