Mzee Anayekimbilia Moto Mikono Mitupu

Buffalo, Februari 2015

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukienda kuteka maji? Mimi nipo, Mungu ananishika mkono, ila baridi ya huku, mama, usiombe.

Kichwa changu kimechanganyikiwa. Mke wangu Fransina amechukua watoto, amekwenda kwa kaka yake anayeishi Okolona, kule Louisville. Harudi mpaka nihame mtaa huu. Sababu ni jirani yetu mzungu, mzee Stan. Nyumba yoyote ikiungua hapa East Side, yeye yupo! Ana redio ya kuwasikiliza zimamoto, anaruka garini na chupa ya kahawa, anakwenda kusimama na kutazama. Fransina akasema, "Huko kambini, ukimbizini, anayekuja kwenye moto mikono mitupu si ndiye anayejua nani kauwasha?" Na kweli, ulitulea hivyo: huna maji, beba mchanga.

Nikamwendea mzee, nikamwuliza wazi. Alicheka mpaka akakohoa. Ati yeye ni "buff". Zamani huko New York wazimamoto wa kujitolea walivaa makoti ya rangi ya ngozi ya nyati, rangi inayoitwa "buff", na watu waliopenda kukimbilia kutazama moto wakapewa jina la koti. Siku hizi hata mpenzi wa sinema anaitwa hivyo.

"Unalipwa?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini?"

Akaongeza sauti ya redio yake. Jamani, mtu anapenda moto kama wengine wanavyopenda mpira! Nilimwamini, lakini sikumwelewa.

Jumamosi natoka kiwandani Tonawanda, nakuta nyumba ya mtaa wa pili inawaka. Nikakimbia na ndoo. Zimamoto wakanifokea, wakanirudisha nyuma ya utepe wao. Nani yuko pale? Mzee Stan. Akanimiminia kahawa. Nisikufiche, mama, nilishindwa kuondoka mpaka moto ukazimika.

Dada mmoja wa kanisani kwetu alipita akaniona. Sijafika hata nyumbani, simu ikalia. Fransina: "Kumbe na wewe!" Akakata.

Nisalimie shangazi Yusta, muuza mandazi, na kaka Elia, fundi baiskeli wetu. Halafu umpigie Fransina, wewe hawezi kukukatia simu. Mwambie nawataka wanangu nyumbani, na sijawasha kitu. Ila usimwambie hili: tangu Jumamosi, king'ora kikilia, najikuta mlangoni nimeshavaa viatu.

Mwanao anayekupenda,
Lazaro