Ufito Laini wa Mzee Tidmore

Dewey, uko? Nimefanya ushenzi.

Unamkumbuka Mzee Tidmore, yule wa mkate wa mahindi kanisani? Wiki jana alikuja dukani kutafuta ufito wa kuvulia samaki wa besi kwa jigi, zile ndoana nene za kichwa kizito na manyoya, kule kwenye magugu ya ziwa la Guntersville. Ufito mgumu ulibaki mmoja tu, na nilishauficha nyuma ya kaunta niuchukue mimi. Nikampa laini. Nikamwambia, "Huu ndio wenyewe, mzee."

Mimi! Na kila mtu hapa anajua ndoana nene ya jigi haizami mdomoni mwa samaki kwa ufito laini.

Leo kaja. Nikajua kaja kunitukana. Wapi! Anasema jana alinasa besi mkubwa kuliko wote maishani mwake. Kuvuta, ufito ukapinda kama tambi, samaki akatema ndoana akaenda zake.

Nikaanza, "Mzee, huenda ule ufito..."

"Ufito hauna kosa, mwanangu. Wewe unajua kuchagua. Ni mikono yangu imezeeka."

Mikono yake, Dewey!

Kaniachia sanduku lake la jigi, zote kafunga mwenyewe kwa miaka arobaini. Anasema basi, kuvua ameacha.

Nikalipokea. Nikasema asante. Nikaliweka nyuma ya kaunta, palepale kando ya ule ufito mgumu.