Nakata Vibaya Makusudi Ili Wifi Apate Mabaki

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mteja wangu analeta kitambaa na mimi mkasi wangu siuamini tena. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kimoja cha kazi, cherehani mbili na meza ya kukatia, na kwa miaka tisa mabaki ya vitambaa nilikuwa nayachoma nyuma ya chumba kila Ijumaa, moshi unaingia kwa majirani nami najifanya sisikii wanavyokohoa, mpaka wifi yangu, dada wa mume wangu, alipohamia kwetu baada ya duka alikokuwa akiuza kufungwa. Mshauri, wifi alikuwa amekauka kwa mawazo, anashinda jikoni akipanga vikombe vilivyokwisha kupangwa, ndipo siku moja akaniambia, "Wifi, unachoma mali. Hebu niachie hilo gunia." Akaanza kushona mito, mazulia ya mlangoni na vishikio vya sufuria, na vipande vidogo kabisa akavikatakata kujazia mito, na vitu vikanunuliwa, na sasa moshi hakuna, majirani wanatusalimu, wifi anaimba tangu asubuhi, mume wangu anasema nyumba imepata pumzi, na mimi mwenyewe sijawahi kufurahi hivi tangu niolewe.

Sasa aibu yangu ni hii. Gunia lilipoanza kuchelewa kujaa, wifi akawa anachungulia chini ya meza na kunitania, "Wifi, leo umekata kibahili," tunacheka, lakini utani ule ukanikaa moyoni nikaanza kukata ovyo makusudi, mimi niliyefundishwa kutoa kipande cha kola kwenye kinafasi kinachobaki pembeni ya kwapa, sasa naacha upana wa kiganja kati ya kipande na kipande ili mabaki yawe ya maana. Mwezi uliopita muuguzi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea kitambaa cha maua ya zambarau, cha gauni lake na la bintiye, nami nikamwambia la mtoto halitatoka, kitambaa hakitoshi, na mshauri, kilitosha, naapa kilitosha. Akasema, "Basi, nitamtafutia kingine," akaenda zake. Wiki iliyopita akapita mlangoni kwetu, akaona mto wa wifi, akaukumbatia, akasema, "Tazama, umefanana na gauni langu," akaununua, na wifi kwa furaha akampunguzia bei bila kujua lolote, mimi nikainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Nikikata sawasawa wifi atarudi kwenye vikombe vyake, nikiendelea hivi nitakuwa mwizi wa mchana kweupe. Nifanyeje?

Fundi Aliyeinama

*

Fundi Aliyeinama,

Nimecheka kwanza, kisha nimekasirika. Pongezi mnazistahili: kuzima moto ule na kuugeuza kazi ni jambo ambalo wenye viwanda wanalifanyia semina mwaka mzima na taka zao ziko pale pale.

Lakini dada yangu, mabaki ni kile kinachobaki, si kile unachobakiza. Ukikata vibaya ili gunia lijae, hujapunguza taka, umezitengeneza, tena kwa kitambaa cha mtu. Kitambaa kwanza kifanye kazi iliyokileta. Nguo ikichoka itiwe kiraka ivaliwe tena. Kilichokosa kazi nyingine yoyote ndicho cha gunia. Wewe umelifanya gunia kuwa mteja wa kwanza, na wateja wenye miguu wanapanga foleni nyuma yake.

Wala usimsingizie wifi. Yeye alitania, aliyeshika mkasi ni wewe. Unasema unamhurumia, kumbe unamdharau. Mwanamke aliyeona mali ndani ya moto, unadhani ataangushwa na gunia lililopungua? Mtaa wenu hauna cherehani mbili tu. Azunguke kwa mafundi wengine wanaochoma mabaki yao, abishe hodi, aombe. Aweke na kibao kwamba anapokea nguo zilizochakaa. Na wewe, kila unapompima mteja, muulize: mabaki utachukua au unatuachia? Wengi wataacha, na kitakachoingia guniani kitaingia kwa ridhaa.

Muuguzi mtafutie kitambaa kile kile cha zambarau. Mshonee mtoto gauni, mpelekee mama yake kabla ya Jumamosi, umwambie, "Kilitosha, nilikudanganya." Usiongeze hadithi ya mashine mbovu. Akikasirika ana haki, na akikuletea kitambaa tena baada ya hapo, ujue umepata mteja wa maisha.

Limebaki moja ambalo umeliandika bila kuliungama, sijui kama hukuliona au uliliruka. Umeungama ulivyomnyima muuguzi kitambaa chake. Mbona hukuungama kwamba umemfanya wifi yako auze kitu cha wizi huku akitabasamu, na akapunguza bei? Mito ile inabeba jina lake, na ndilo jina lililomtoa jikoni. Kwa hiyo kabla ya muuguzi, mwambie yeye, leo, mkiwa wawili. Mkasi uache mezani mpaka umemaliza.