Rakaa Nne Nyumbani Kwako

Ndugu yangu Bakari,

Amani ya Mola ikufikie huko ulikotutangulia, naye atukutanishe nawe katika heri siku ambayo hakutakuwa na kuagana tena. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu hapa Scarborough, Toronto, ghorofa ya kumi na moja, baada ya Alfajiri, kwa kalamu ile ya wino uliyoniletea ulipokuja kunifariji nilipofiwa na mke wangu. Nimerudi juzi kutoka kwako. Naam, Bakari, nimefika Cleveland. Nimefika miezi sita baada ya wewe kuzikwa, nami sina udhuru wa kukupa.

Bila shaka unalikumbuka neno lako la mwisho la utani. Tulikuwa katika darsa yetu ya simu ya kila Alhamisi, ile tuliyoianza miaka ya kukwangua kadi za simu kwa ukucha, wewe ukisoma Kurani nami nikikusahihisha, kisha tukibadilishana, kama Maalim wetu alivyotuzoeza chuoni Kondoa. Siku hiyo, baada ya Kurani, tulifikia katika fikihi mlango wa sala ya msafiri. Nikakueleza kwa kirefu, kana kwamba hukuyajua, kuwa msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala ya rakaa nne iwe mbili, isipokuwa akitia nia ya kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia wala siku ya kutoka. Hapo anakuwa mkazi, na anasali nne kama wenyeji. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema: "Shabani, mimi kwako nimesali nne. Wewe kwangu hujasali hata mbili."

Nilicheka. Nikakuahidi, kama nilivyokuahidi kila mwaka, kwamba nitakuja. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, simu iliita kwa wakati wake, lakini aliyezungumza alikuwa mkeo.

Sikuja kwa sababu niliudharau mji wako. Nilisema hivyo hadharani, mbele ya wageni wa harusi huko Etobicoke: je, mtu mwenye akili zake atatoka Toronto kwenda kutazama mji wa kutu, wenye mto uliowahi kushika moto kwa uchafu wake? Watu wakacheka, nawe ulikuwapo. Ulijibu kwa upole tu, "Njoo uone ulivyozimika." Nilikuwa na sababu nyingine pia, mpaka wa nchi na maswali yake, lakini hiyo ilikuwa pazia. Kiburi ndicho kilichonikalisha nyumbani, nami nakiri kwako leo kwa vile sikukiri ulipokuwa hai.

Mjukuu wangu Rukia ndiye aliyeendesha gari. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza, na husema ulimi wake una aibu. Pale mpakani afisa aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kumzuru rafiki. Akauliza rafiki anafanya kazi gani. Nikasema amefariki. Yule kijana akaitazama pasipoti yangu, akanitazama mimi, akauliza, "Mzee, unakwenda kumzuru mtu aliyekufa?" Nikamwambia ndiyo, nimechelewa. Akagonga muhuri bila kuuliza jingine.

Tuliwasili Ijumaa, muda wa Alasiri umeshaingia. Bi Mwanaidi, ambaye amekwisha kutoka eda, alitufungulia mlango akasema, "Shemeji, karibu. Umechelewa, lakini karibu." Akatutandikia miswala sebuleni, wangu mbele, yao wanawake wawili nyuma. Nikamwambia kwa adabu: mimi na mjukuu wangu ni wasafiri, tutasali mbili, wewe utatimiza zako. Akaitikia, "Haya, shemeji." Nikasalisha rakaa mbili, nikatoa salamu kulia na kushoto, na Rukia akatoa salamu pamoja nami.

Ndipo nikamsikia Bi Mwanaidi akiinuka nyuma yangu peke yake.

Sheria ilikuwa upande wangu, Bakari. Hakuna mwanachuoni ambaye angenilaumu. Lakini nilikaa juu ya ule mswala, ambao ulikuwa wako, nikiwa nimemaliza, huku mjane wako akirukuu na kusujudu mwenyewe katika nyumba ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukosa wa kusimama mbele yake. Rakaa mbili si ndefu. Mimi nilizihisi kama nusu siku. Baadaye Rukia aliniinamia sikioni akauliza, kwa Kiingereza chake, "Babu, tulikuwa na haraka ya nini?"

Bi Mwanaidi alipotuletea chai na vitumbua, alibandua karatasi kwenye mlango wa friji akaiweka mbele yangu. Ilikuwa kalenda ya nyakati za sala, upande wake wa nyuma umeandikwa kwa mwandiko wako wa chuoni, wenye herufi zilizosimama wima kama askari. Juu yake uliandika: "Siku nne za Shabani." Chini ukazipanga siku moja moja. Mkeo akasema karatasi hiyo ilikuwa hapo kwa miaka, na kila kalenda ilipokwisha uliinakili upya kwenye nyingine.

Rukia, ambaye ni mtoto wa zama hizi, alipiga hesabu upesi kwamba tunaweza kuzibana siku tatu za kutembea katika Jumamosi moja. Bi Mwanaidi akakataa katakata. "Siku ya kwanza ni siku ya kwanza," akasema. "Bakari hakuandika uji wa kukorogwa pamoja."

Basi nimeiona siku ya kwanza tu, nami nakushuhudia kwamba mji wako ni mji. Asubuhi tuliingia katika lile soko la matofali lenye mnara wa saa. Nilidhani ningekuta vibanda vya kawaida; nikakuta ukumbi wenye dari ya tao, vigae vyake vimepangwa kwa mikono ya mafundi ambao yaonekana waliogopa kukosea, na chini yake watu wa kila taifa wakiuza nyama, mikate, samaki na jibini, wakiitana kwa majina. Katika kibanda cha mama mmoja mzee auzaye kabichi iliyochachushwa, Bi Mwanaidi alisema, "Huyu ametoka Toronto." Yule mama akaweka chini kijiko chake. "Wewe ndiye Toronto?" akauliza. "Kila Jumamosi alituambia unakuja. Mwishowe tukaamua kwamba amekutunga." Kisha akamgeukia muuza mikate wa jirani akapaza sauti, "Njoo umwone Toronto! Yupo kweli!" Wakaja watu watano. Wakanishika mkono. Mmoja akasema alikuwa akinidhania mrefu zaidi. Nilisimama kati yao nikitabasamu, huku moyo ukiniambia: umejulikana hapa miaka yote kwa ahadi usiyoitimiza, na bado mwenyeji wako hakukutaja ila kwa wema.

Adhuhuri na Alasiri nilizikusanya kwa kupunguza, mimi na Rukia, katika kona moja ya bustani, na Bi Mwanaidi akasali Adhuhuri yake kamili, akabaki kwenye benchi. Alasiri ilipoingia akasali yake hapo hapo. Sikuthubutu kumtazama.

Kisha tukashuka mtoni. Uliponiambia kwamba kazi yako ni kuinua barabara ili meli ipite, nilidhani unanitania. Nimeona, Bakari. Mto ule mwembamba unajipinda kama mtu anayegeuka usingizini, na ndani yake ikaja meli ya kubeba mawe yenye madini ya chuma, ndefu kuliko mtaa wa nyumbani kwetu, ikiingia kona pole pole, ukuta wake ukiukaribia ukingo kiasi cha mtu kunyoosha mkono. Kengele ikalia, vizuizi vikashuka, magari yakasimama. Na daraja zima likapanda juu, limelala sawa kama sinia lililoinuliwa na watumishi wawili wanaoelewana. Katika chumba cha vioo cha kuliendeshea daraja kulikuwa na mwenzako wa kazi, ambaye alimtambua Bi Mwanaidi akavua kofia. Mkeo akaniambia kwamba kupanda kwa daraja kulikutosha wewe kumtukuza Mola mara thelathini na tatu, na kushuka kwake kukatosha kumshukuru idadi hiyo hiyo. Alisema ulipenda kusema kwamba mjini kila mtu ana haraka mpaka meli ije.

Nilitazama wale wenye magari. Hakuna aliyepiga honi. Baadhi yao walitoka nje wakaegemea milango, wakaiangalia meli kama wenyeji wanaomsindikiza mgeni. Nikasema moyoni: rafiki yangu alikaa juu hapa miaka mingi akiwafundisha watu kungoja, nami, niliyekaa juu ya mimbari nikiwahubiria watu subira, sikujifunza.

Tuliporudi tulivuka lile daraja jingine lenye masanamu makubwa ya mawe yaliyoshika magari mikononi. Unajua msimamo wangu kuhusu masanamu. Nikainamisha macho. Bi Mwanaidi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema, "Bakari aliniagiza nikwambie: yatazame, hayahitaji ibada yako." Nikayatazama. Ni kazi ya mafundi wakubwa.

Jumapili asubuhi tulikuja kukusalimu. Majani yamegeuka manjano na mekundu hapo ulipolala, na kaburi lako ni la heshima, halina mapambo, kama ulivyousia. Nilisoma Kurani kuanzia aya tuliyokomea Alhamisi ile. Nilifika mahali ambapo kila tulipopita ulinisahihisha kwa vile naifupisha madda, ule mvuto wa sauti, nikaivuta ipasavyo, nikanyamaza kidogo, kama ninayengoja sauti yako iseme, "Hapo sawa." Tulipoinuka Rukia aliweka kiganja chake juu ya udongo akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likitoka kwa jasho, "Babu Bakari, tumekuja."

Tulikuwa tuondoke baada ya Adhuhuri. Bi Mwanaidi akatandika miswala kama siku ya kwanza, akauliza, bila lawama yoyote, "Mbili, shemeji?" Nikamjibu, "Nne." Nikatia nia ya kutimiza, nikapiga takbira. Na baada ya tahiyatu ya kwanza, niliposimama kwa rakaa ya tatu, nikasikia nyuma yangu watu wawili wakiinuka pamoja.

Lakini wewe ni mwanachuoni, na sitaki kukudanganya. Nne zile zilikuwa za hiari yangu. Nilikuwa bado msafiri, begi langu liko mlangoni, gari limeshajazwa mafuta. Wewe hukunitaka nisali nne kwa hisani. Ulinitaka nikae mpaka ziwe wajibu juu yangu.

Kwa hiyo pokea ahadi hii, na safari hii nimeiandika kwa wino nikaisoma mbele ya Rukia, naye ni shahidi. Barafu ikiyeyuka ziwani na meli zikianza tena kupita chini ya daraja lako, nitakuja, Mola akinibakisha. Nitaingia siku moja, nitatoka siku nyingine, na kati yake zitakuwa siku nne nzima. Siku ya kwanza Rukia ameikata kwa mstari mmoja, na karatasi imerudi kwenye friji. Ya pili na ya tatu nitatembea ulikopanga. Ya nne hukuandika mahali. Uliandika neno moja tu: "Tukae."

Nitakaa, Bakari. Nitakaa barazani kwako nisifanye lolote, na kila adhana ya Adhuhuri, Alasiri na Isha nitasimama sebuleni kwako nisali nne, si kwa kuchagua.

Lala kwa amani, ndugu yangu. Alhamisi nitasoma peke yangu, na kila mwisho wa aya nitanyamaza kidogo.

Nduguyo mwenye kukiri,
Shabani