Nyasi za Baba Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba ameanguka tena! Uani, pale nyasi zinapokutana na mtaro. Kashonwa juu ya jicho, yeye asiyeona yote mawili. Eti, "Jicho lenyewe halioni, lisikuumize kichwa." Akacheka peke yake.

Kaka kaja moja kwa moja kutoka kazini, tai bado shingoni. Kautazama ua, katikisa kichwa. Nyasi zimefika magotini tangu mtunza bustani aache kazi, na mimi kutwa nipo saluni nasuka vichwa vya watu. Kaka kakata shauri: Jumamosi lori linakuja, ua wote unamwagwa zege. Hakuna cha nyasi wala nini.

Baba alisubiri mpaka kaka alipoondoka. Ndipo akaniambia: kwenye saruji hajui yuko wapi. Kwenye nyasi miguu inajua. Zikiisha, anajua amefika mwisho, anageuka. "Mkiweka zege, nitakaa kwenye kiti mpaka mnizike." Kwa sauti ya mtu anayeagiza chai!

Nimempigia kaka hapo hapo. Tumebishana weee. Mwishowe kasema: haya, Jumamosi Baba akitembea uani bila kujikwaa, lori atalirudisha. Akijikwaa mara moja tu, nisimwambie kitu.

Sawa. Tutaonana hiyo Jumamosi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Duka la vifaa vya bustani. Lo! Mimi nilidhani ni panga na reki, kumbe kuna dunia nzima mle ndani. Muuzaji kaniuliza ua una ukubwa gani. Nikamwambia saluni yangu mara mbili, na saluni yenyewe ni viti vitatu. Bado akanivuta hadi kwenye mashine ya petroli — nyekundu, inang'aa, kubwa kama kitanda cha mtoto. Dada, ukiwa na hii umemaliza. Wanakodisha pia. Nikakodi. Nilipenda ile rangi, acha niseme ukweli.

Nyumbani: vuta kamba, kimya. Vuta, kimya. Bega karibu ling'oke. Jirani yetu, dereva mstaafu, kachungulia juu ya ukuta: umetia petroli? Sikuwa nimetia. Aibu iliyonishika!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo imewaka. Kelele zake, mtaa mzima umejua. Nimeanza na kipande cha mlangoni, kisu chini kabisa ili pakae safi. Nikapaona pamependeza. Nikamwita Baba kwa mbwembwe.

Katoka peku. Kasimama. Kapapasa kwa mguu, huku, kule. "Umenileta wapi?"

Nilifikiri ananitania. Kumbe nimeunyoa uwanja kipara! Zimebaki ncha za kuchoma na udongo mkavu, nyasi hazitofautiani na njia. Akageuka kutafuta mlango, akagonga ukuta kwa bega. Kaingia ndani, kakaa kwenye kiti.

Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia asinisikie. Kisha nikajitukana. Mimi msusi! Mteja akija siangalii kitana gani kinang'aa, naangalia nywele zake. Sasa huku nimechagua kwa macho yangu kitu cha mtu asiyeona. Pumbavu kabisa.

Asante Mungu nilinyoa kipande kile tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Saluni nimefunga. Wateja wamenuna, watanuna tu.

Nimevua viatu, nikajifunga kitambaa machoni, nikauzunguka ua. Jirani juu ya ukuta: "Mama, umepatwa na nini?" Nikamjibu nina kazi. Nimechomwa na miba, nimekanyaga kopo, na kidogo niingie mtaroni mwenyewe. Lakini nimeelewa! Shida ya Baba si urefu wa nyasi peke yake. Ni ukingo. Nyasi zimeutambalia mtaro zikaufunika, mguu hauambiwi kitu mpaka uwe umeshazama.

Mashine nyekundu nimeirudisha. Muuzaji akaja na nyingine, ya kuvaa begani, injini juu, uzi unaozunguka. Nikamwambia hapana. Hii je? Hapana. Nimechagua mwenyewe: fyekeo la kushusha nyasi ndefu. Reki. Mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, isiyo na injini, ambayo kisu chake unaweza kukipandisha. Na sepeto lenye ncha ya mviringo, la kukatia ukingo — hilo alilifukua nyuma ya madebe ya rangi, vumbi tupu. Nikataka kulijaribu nyuma ya duka. Nikakata kipande, nikavua ndala, nikafumba macho, nikapapasa kwa kidole gumba cha mguu. Wapakiaji mizigo wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Wacheke. Kidole kiliusikia ukingo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mikono malengelenge matupu, kalamu inaniuma. Fyekeo kwanza, kisha reki, kisha mashine, kisu juu. Nyasi zimebaki laini, nene. Kipara changu cha mlangoni nimekiacha. Baba kakikanyaga: "Hapa panachoma, basi mlango uko hapa." Anakiita mkeka wangu! Leo kacheka.

Ukingo ndio kazi. Nimefunga kamba kwenye vigingi, nakanyaga sepeto, nasogea, nakanyaga. Kati ya nyasi na mtaro nimeacha udongo mtupu, hatua nzima, ili mguu upate habari mapema. Baba alishika mwisho wa kamba. Inalegea, mwanangu, kaza. Haoni, lakini kamba anaijua kulegea!

Giza limeingia, na kona ya bombani, penye bomba la uani, haijaisha. Nitaamka nayo alfajiri.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo. Kona haijaisha! Kaka kaja mapema na lori lake la kokoto, linaunguruma getini.

Baba hakusubiri kuitwa. Kavua viatu mwenyewe, kapita kipara, kashuka kwenye nyasi. Anatembea kama zamani, mikono nyuma. Kafika ukingoni, mguu kwenye udongo, kasimama. Kageuka! Kaka kanong'ona: kabahatisha. Baba kamsikia, karudia. Kasimama tena pale pale.

Kisha kaelekea kona ya bombani, ambako nyasi bado zimeufunika mtaro. Roho juu. Mguu ukaenda mbele, ukasita hewani — na kaka akaruka akamdaka mkono, tai imemrukia begani. Nilijua yamekwisha. Anamwambia, Baba, siwezi kukuokota tena na damu usoni, siwezi.

Baba kamwacha amalize. Kisha, taratibu: "Nilikuwa nimeshasimama. Umenishika nimesimama."

Kaka kamwachia mkono.

"Vua viatu. Fumba macho. Nipe mkono, nikutembeze."

Dereva anapiga honi. Kaka ananitazama mimi, analitazama lori. Baba bado amenyoosha mkono.

Kaka ameinama. Kiatu kimoja kimetoka. Cha pili kamba imekaza, anahangaika nayo.