Maziwa Mbele ya Kioo

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Nyamitaba tuko salama, na ngombe ya mama yako imezaa. Unaniuliza kioo chako cha kujipambia ukitie taa upande gani, maana ukiiweka juu inaleta kivuli usoni.

Siku ya ndoa ya dada yangu, tulimupamba chini ya kadirisha ka juu. Macho yake yalionekana meusi kama ya mugonjwa. Mama akaingia na beseni ya maziwa ya kumuaga, akamuwekea kwenye magoti. Kivuli kikaisha! Weupe wa maziwa ulimupanda usoni polepole. Dada akajiangalia kwa kioo, akauliza: "Huyu njo mimi?" Basi taa yako isikae juu: iweke mbele yako, na kitu cheupe kwenye magoti.

Mpaka leo, nikichuja maziwa, nainamisha uso huu wa uzee juu ya beseni.

Koko wako