Mpakate Mwanao

Shoga, leo asubuhi mtoto wa dada aliacha kucheza tumboni. Mchana akazaliwa kimya.

Mkunga akamwosha, akamviringisha kwenye shuka safi, akamnyooshea dada. "Mpakate mwanao, mama. Hakuna anayekuharakisha."

Shemeji akamrukia mkunga. Ngumi ya mdomo, nakwambia, ya mdomo. "Unampa mke wangu maiti?" Akamgongesha kichwa ukutani, dada anaona.

Mkunga hakumwachia mtoto. Damu inamtiririka kidevuni, yeye kamkumbatia tu.

Walinzi wa hospitali walipomburuta shemeji nje, mkunga akajifuta kwa mkono wa gauni, akamkabidhi dada mtoto. "Tusamehe, mama. Mtazame, ana vidole vyako."

Na kweli ni vidole vyake, shoga.

Shemeji yuko polisi. Mkunga ameshonwa nyuzi tatu. Dada bado amempakata.